Siku tatu kabla ya jua: namna ya kuzisoma siku za uumbaji katika Mwanzo 1

Swali la msomaji: Nafundisha darasa la vijana kanisani. Tulipofika Mwanzo sura ya 1, kijana mmoja aliuliza: ikiwa jua liliumbwa siku ya nne, zile siku tatu za kwanza zilipimwa kwa nini? Mwenzake akamjibu kwamba kwa Mungu siku moja ni miaka elfu. Wa tatu akasema sura yote ni shairi tu. Nilikosa la kusema. Je, siku za uumbaji zilikuwa za saa 24 au vipindi virefu? Na niwafundisheje?

Mwalimu, vijana wako wameuliza maswali matatu yaliyofungwa fundo moja, ndiyo maana ulikwama. Kuna swali la neno: "siku" hapa ina maana gani? Kuna swali la umbo: kwa nini kazi ya Mungu imepangwa kama juma? Na kuna swali la muda: kazi hiyo ilichukua miaka mingapi? Wengi huruka kutoka la kwanza hadi la tatu bila kupita katikati, na hapo ndipo ubishi usioisha huanzia. Nauweka msimamo wangu mezani mapema: neno siku katika Mwanzo 1 ni siku ya kawaida, yenye jioni na asubuhi, ila jambo hilo peke yake halikupi umri wa dunia. Lazima kwanza uone juma zima limetumiwa kwa kazi gani.

Tuanze na neno. Kwa Kiebrania ni yom, nalo limo katika Agano la Kale zaidi ya mara 2,000. Fungua Mwanzo 1:5 katika Union Version ya 1952. "Mungu akaiita nuru Mchana": hapo Kiebrania kinasema yom. Mstari uleule unamalizikia "siku moja": hapo pia ni yom. Wafasiri walilazimika kutumia maneno mawili kwa sababu Kiswahili hutenganisha mchana na siku. Sasa shuka hadi 2:4, "siku ile BWANA Mungu alipoziumba mbingu na nchi": ni yom kwa mara nyingine, safari hii likibeba kazi ya juma zima. Nusu ya siku, siku kamili, juma: maana tatu za neno moja ndani ya mistari 35.

Hilo lisitushangaze, maana neno letu nalo lina tabia hiyohiyo. Tukisema siku ya kufa nyani miti yote huteleza, hakuna anayeuliza kama ilikuwa Jumatatu. Tukisema siku njema huonekana asubuhi, asubuhi imetajwa na siku inajibana kuwa siku. Majirani wa neno, yaani maneno yanayolizunguka, ndio wanaolipatia maana.

Kwa hiyo epuka makosa mawili yanayofanana kama mapacha. La kwanza: "yom linaweza kuwa muda mrefu, basi hapa ni muda mrefu." Kuweza siyo kuwa. Katika Mwanzo 1 majirani wa neno ni jioni, asubuhi na namba, na hao wanachora siku ya kawaida. La pili: "yom likiwa na namba ni saa 24 daima." Kanuni hiyo haina mizizi katika sarufi. Hosea 6:2 ina "siku mbili" na "siku ya tatu" katika unabii wa kuinuliwa kwa taifa, na wafafanuzi wengi hawazihesabu kwa saa. Zekaria 14:7 ina maneno yaleyale ya Mwanzo 1:5, yom echad, "siku moja", na mstari unaieleza kuwa si mchana wala si usiku. Anayeliegemea neno peke yake, awe upande huu au ule, anaegemea mwanzi.

Sarufi ya masimulizi ndiyo inayosaidia zaidi, na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati. Kiebrania kina umbo la kitenzi linalosukuma hadithi mbele, tukio baada ya tukio, na kwetu kazi hiyo hufanywa na -ka-. Tazama: "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi. Nayo nchi ilikuwa ukiwa, tena utupu." Ni -li- mara mbili. Kisha mstari wa 3: "Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru," na kuanzia hapo ni -ka- juu ya -ka-: akaiona, akatenga, akaiita. Kiebrania hufanya vivyo hivyo. Mistari miwili ya kwanza inaweka mandhari, na mwendo wa hadithi unaanza mstari wa 3. (Sehemu moja tafsiri yetu inateleza: "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji." Kitenzi cha Kiebrania ni cha jambo linaloendelea, na asili yake ni ileile ya Kumbukumbu la Torati 32:11, pale tai anapopapatika juu ya makinda yake. Roho alikuwa akipapatika juu ya maji. Ni picha ambayo darasa lisinyimwe.)

Kutokana na hilo unapata mambo mawili. Kwanza, kila siku huanza kwa "Mungu akasema", hivyo siku ya kwanza inaanza mstari wa 3, na mistari ya 1 na 2 inaweza kusomwa kama iliyotangulia siku zote. Ndiyo sababu wapo wanaoshika siku za saa 24 na papo hapo hawaipi dunia umri wowote: urefu wa siku na umri wa dunia ni maswali mawili. Pili, nadharia ya pengo inaanguka. Hiyo husema kati ya mstari wa 1 na wa 2 ulipita muda mrefu, dunia ya kwanza ikaharibiwa, na "nchi ilikuwa ukiwa" isomwe "nchi ikawa ukiwa". Mhubiri wa Scotland Thomas Chalmers aliieneza mwanzoni mwa karne ya 19, na Biblia ya maelezo ya Scofield ya 1909 ikaifikisha mbali. Lakini kama mwandishi alitaka kusema "ikawa", umbo la -ka- la Kiebrania lilikuwapo, na hakulitumia.

Usomaji wa zama, yaani kila siku ni kipindi kirefu, nao hauchukui muda kuupima. Mistari inayotajwa ni Zaburi 90:4 na 2 Petro 3:8. Isome zaburi polepole: miaka elfu machoni pa Mungu ni "kama siku ya jana ikiisha kupita, na kama kesha la usiku". Kama ungekuwa mzani wa kubadilishia siku kuwa miaka, basi miaka elfu ingekuwa siku nzima na pia kesha moja, saa chache, kwa wakati mmoja. Petro naye anazungumzia uvumilivu wa Mungu, wala hatoi kipimo cha Mwanzo. Zaidi ya hayo, hata ukizifanya siku kuwa zama, mpangilio wake hauendani na miamba. Siku ya tatu ina miti ya matunda, na siku ya tano ndipo maji yanajaa viumbe. Katika visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa miambani, wanyama wa baharini wana zaidi ya miaka milioni 500, na mimea ya maua ina miaka milioni 130 hivi. Ndege wa siku ya tano wanawatangulia wanyama wa nchi kavu wa siku ya sita, na visukuku vinasema kinyume. Anayechukua njia hii ili kuipatanisha Biblia na jiolojia huishia kuzibana zote mbili.

Inabaki misimamo miwili yenye nguvu.

Usomaji wa siku halisi unasimama juu ya nguzo tatu: fomula ya jioni na asubuhi, namba zinazofuatana, na Kutoka 20:11, ambapo Mungu mwenyewe anatoa sababu ya Sabato: kwa siku sita alifanya mbingu na nchi, akapumzika siku ya saba. Nguzo hiyo ya tatu ni nzito, usiipite kwa haraka darasani. Kwa swali la kijana wako, wenye usomaji huu hujibu hivi: maandiko hayasemi siku ya kwanza ilipimwa kwa jua, yanasema Mungu alifanya nuru, akaitenga na giza, na zamu ya nuru na giza ikatosha kufanya siku. Jibu hilo halina kasoro ndani ya sura ya 1. Ugumu unakuja sura ya 2. Huko mche wa kondeni haujaota "kwa maana BWANA Mungu alikuwa hajainyeshea nchi mvua" (2:5), kana kwamba mimea inangoja mvua ya kawaida na mkulima wa kawaida. Mtu anaumbwa, bustani inapandwa, wanyama wote wanapewa majina, mtu analazwa usingizi, mwanamke analetwa. Yote hayo ni mchana mmoja wa siku ya sita, na mtu anapaza sauti, "Sasa huyu ni mfupa katika mifupa yangu," sauti ya aliyengoja.

Hapa utakutana pia na mwaka 4004 kabla ya Kristo, unaotajwa kuwa mwaka wa uumbaji. Mwaka huo haumo katika Biblia. Ni hesabu ya askofu mkuu James Ussher wa Armagh, Ireland, iliyochapishwa 1650 kwa kujumlisha umri wa mababu, na baadaye ikawekwa pembeni mwa kurasa za Biblia za Kiingereza hadi watu wakaidhani ni andiko. Hesabu ya namna hiyo hutegemea nakala uliyoshika: kutoka Adamu hadi gharika, Kiebrania kinatoa miaka 1,656, na tafsiri ya kale ya Kiyunani inatoa zaidi ya 2,200.

Usomaji wa mwisho hulitazama juma kama umbo, na huu ndio ninaoushika. Rudi kwenye maneno mawili ya 1:2, ukiwa na utupu. Ukiwa ni kukosa mpangilio, utupu ni kukosa vilivyomo. Siku tatu za kwanza zinaujibu ukiwa kwa kutenga: nuru na giza, maji ya juu na ya chini, bahari na nchi kavu. Siku tatu zinazofuata zinaujibu utupu kwa kujaza, na kwa utaratibu uleule: mianga siku ya nne, ndege na viumbe vya maji siku ya tano, wanyama na mtu siku ya sita. Kazi ni nane, siku ni sita, kwa hiyo siku ya tatu na ya sita zimebebeshwa kazi mbilimbili, kila moja ikiwa kilele cha safu yake. Mpangilio huu umekusudiwa. Haufuti uwezekano kwamba mambo yalitokea kwa mfuatano huo, ila unaonyesha mwandishi alikuwa akipanga kwa makusudi mengine zaidi ya saa na tarehe.

Lakini usiufundishe kana kwamba umenyooka kama rula. Mianga ya siku ya nne inawekwa katika anga lililofanywa siku ya pili, ilhali mwenzi wake ni siku ya kwanza. Viumbe vya maji vya siku ya tano vinajaza bahari, na bahari ilipewa jina siku ya tatu. Kijana makini ataliona hilo. Ni afadhali ulitaje wewe kwanza.

Na siyo shairi. Ushairi wa Kiebrania unajulikana kwa mistari inayorudiana wazo, kama Zaburi 104, ambayo pia inapita kwenye mambo ya uumbaji. Mwanzo 1 ni nathari, yenye -ka- zake, ila ni nathari iliyopimwa kwa uangalifu wa ajabu: mstari wa kwanza wa Kiebrania una maneno 7, wa pili 14, na aya ya siku ya saba (2:1-3) ina 35.

Sasa siku ya nne, ambayo ndiyo iliyokukwamisha. Tazama kisichotajwa. Jua na mwezi vina majina ya kawaida katika Kiebrania, shemesh na yareach, lakini sura hii haiyatumii kabisa. Inasema mianga miwili, "ule mkubwa" na "ule mdogo", kisha inatupia "akafanya na nyota pia". Majirani wa Israeli waliabudu Shamash, mungu jua wa Babeli, na Yarikh, mungu mwezi wa Wakanaani. Kuyataja majina ya kawaida kungekuwa kuitaja miungu hiyo. Mwandishi anaiita mianga, anaipa kazi kama watumishi (itenge, iwe dalili, itie nuru), na anaileta baada ya nuru kuwapo na nchi kuota majani. Wasikilizaji wa kwanza walielewa: nuru haikutoka kwa jua, wala mimea haina deni kwake. Tena neno "majira" la mstari wa 14 ndilo linalotumika katika Walawi 23 kwa sikukuu za BWANA. Mianga ni kalenda ya ibada. Siku tatu bila jua zinatuonyesha nani anayemtegemea nani.

Kisha siku ya saba, ambayo wengi huikatisha kwa sababu sura ya 1 inaishia siku ya sita. Mgawanyo wa sura uliwekwa karne nyingi baadaye. Kipande chenyewe kinaishia 2:3. Fomula "ikawa jioni ikawa asubuhi" imetokea mara sita, na kwenye siku ya saba fomula hiyo haipo. Siku hiyo haikufungwa. Waebrania sura ya 4 inajenga juu ya uwazi huo, ikisema raha ya Mungu ingalipo ya kuingiwa. Anayedai siku zote saba zina ukubwa uleule wa saa 24 anapaswa kuieleza siku hii, na anayezigeuza zote kuwa zama anapaswa kueleza kwa nini sita zimefungwa.

Linganisha na Kutoka 25 hadi 31, maagizo ya hema ya kukutania. Mungu anasema na Musa mara saba (25:1, 30:11, 30:17, 30:22, 30:34, 31:1, 31:12), na mara ya saba ni kuhusu Sabato. Ulimwengu na hema vimesimuliwa kwa kipimo kimoja, sita na moja, mpaka kwenye pumziko. Ndiyo maana nasema juma la Mwanzo ni juma la mfanyakazi: anafanya kazi mchana, jioni inaingia, asubuhi inakuja, anaendelea, na mwisho anastarehe. Kazi ya Mungu imesemwa kwa mfano wa kazi yetu ili kazi yetu ifuate yake.

Watu watakuambia usomaji huo ulibuniwa kuikwepa sayansi. Historia inakataa. Origene wa Aleksandria, aliyefariki katikati ya karne ya 3, aliuliza ni mwenye akili gani atakayedhani palikuwa na siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, yenye jioni na asubuhi, bila jua, mwezi na nyota. Ni swali la kijana wako hasa. Agostino wa Hippo (354–430), mzaliwa wa Tagaste, Algeria ya leo, aliona Mungu aliumba vyote kwa mara moja, na katika kitabu chake Mji wa Mungu aliandika kwamba siku hizo zilikuwa za namna gani ni vigumu sana, pengine haiwezekani, kuwaza. Basili Mkuu, katika mahubiri yake tisa ya karne ya 4 juu ya siku sita, alishika siku za saa 24. Wote waliheshimiwa, na hakuna kati yao aliyewahi kusikia umri wa dunia wa miaka bilioni 4.5.

Darasani, tumia vipindi viwili vya dakika 60 hivi. Cha kwanza kisiguse umri wa dunia kabisa. Soma kwa sauti 1:1 hadi 2:3, mistari 34, kisha wape vijana karatasi na penseli wahesabu marudio. "Ikawa jioni ikawa asubuhi" watapata 6. Mungu kuona kuwa kazi ni njema watapata 7; waulize siku gani haina (ya pili) na siku zipi zina mbili (ya tatu na ya sita). Mungu kusema ni mara 10, na hapa ndipo hesabu huvurugika: mstari wa 28 tafsiri yetu inasema "akawaambia", nao uhesabiwe, lakini "akisema" ya mstari wa 22 isihesabiwe, kwa kuwa kwa Kiebrania ni umbo jingine. Halafu wachore safu mbili, siku 1 hadi 3 kushoto na 4 hadi 6 kulia, na juu yake waandike "ukiwa" na "utupu". Usiwaambie jibu, waache waone wenyewe.

Kipindi cha pili leta misimamo. Mpe kila kijana atetee usomaji asioushika. Mengi huharibika pale mwalimu anapouwasilisha usomaji mmoja kama imani na mwingine kama uasi, kisha kijana anapofika darasa la jiolojia anadhani lazima achague kati ya mwamba na Mungu.

Kabla ya yote hayo, jua kanisa lenu limesema nini. Waadventista Wasabato wanashika siku sita halisi, na mwaka 2015 waliyakaza maneno ya tamko lao ili lisomeke hivyo bila shaka. Kanisa Katoliki liliruhusu mjadala juu ya maana ya yom tangu 1909, na Katekisimu yake, namba 337, inasema Maandiko yanaileta kazi ya Muumba kwa ishara, kama mfululizo wa siku sita. Makanisa mengine mengi hayajafunga jambo hili. Usimfundishe mtoto wa mtu kinyume cha kanisa lake bila kumwonyesha kwamba unajua kanisa lake linasema nini na kwa nini.

Bado utaulizwa juu ya Kutoka 20:11: ikiwa siku za Mungu si saa 24, kwa nini sisi tupumzike siku ya saa 24? Wafungulie Kutoka 23:10-12. Miaka sita unapanda, wa saba nchi inapumzika. Siku sita unafanya kazi, ya saba ng'ombe, punda, mwana wa mjakazi na mgeni wanapumzika. Kipimo kile cha sita na moja kimewekwa juu ya miaka na juu ya siku, mstari kwa mstari. Mfano unabaki mfano halisi hata urefu ukitofautiana. Anayeshika siku halisi atakujibu kwamba mwaka ni mwaka kweli na siku ni siku kweli, na ana haki ya kujibu hivyo. Mwache ajibu, halafu mrudishe kwenye siku ya saba umuulize jioni yake iko wapi.